Muulize Mvuvi: Chambo chako kinapita mita ngapi chini?

Mwezi huu barua karibu zote zinauliza kina. Sijui ni kusi imewachosha watu ama ni bei ya petroli, maana ukiburuta chambo asubuhi nzima bila kuguswa lazima uanze kupiga hesabu. Nimechagua chache. Zile za "mzee nitajie chambo kizuri" nimeziweka pembeni kwanza, kwa sababu chambo kizuri kikipita pasipo na samaki ni pambo tu la baharini.

Shikamoo mzee. Tuko Shimoni, mimi na shemeji yangu, tuna faiba, yaani boti ya fiberglasi, ya mita 7 na injini ya farasi 40. Tulinunua rapala mbili, vile vyambo bandia vya samaki, zile kubwa zimeandikwa 30. Sasa kinachotushangaza, tukishuka kusini nguru wanagonga vizuri tu, tukigeuza kurudi kaskazini njia ileile, chambo kilekile, jipiesi inasoma mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) kama tulivyokwenda, kimya kabisa. Shemeji anasema nguru anakula alfajiri tu, jua likipanda basi. Mimi nakataa. Tatizo nini? — Mvuvi wa Shimoni

Marahaba mwanangu. Shemeji yako usimcheke, alfajiri ni alfajiri kweli, lakini hapa nadhani wewe ndiye umenusa. Angalia mkondo. Huko kwenu maji yanakwenda kaskazini mwaka mzima na kusi ikishika yanakwenda mbio, kuna sehemu mkondo unafika noti 3 hata 4. Jipiesi haijui habari ya maji, yenyewe inapima unavyopita juu ya ardhi, wakati chambo hakijui ardhi kinajua maji tu. Chukua mkondo wa noti 2, ambao si mkubwa. Ukishuka kusini na jipiesi inasoma 5, boti inayapasua maji kwa noti 7. Ukirudi kaskazini na jipiesi inasoma 5 ileile, unayapasua kwa noti 3. Yaani mwendo wa kwenda ni zaidi ya mara mbili ya kurudi, na wewe unaangalia kioo unaona namba moja unasema nimefanya sawasawa. Chambo kikubwa cha aina hiyo kimetengenezwa kwa mwendo, ule ulimi wa plastiki mbele ndio unaokisukuma chini maji yakiupiga, sasa kwa noti 3 maji yanaupiga kivivu, chambo kinakuja kimelegea, hakitikisiki na kina hakifiki.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Chukua kumbi la nazi, mmoja akae omo, yaani mbele ya boti, alirushe mbele kidogo pembeni ya boti, likifika usawa wa omo apige kelele, mwingine yuko tezi, yaani nyuma, anahesabu sekunde mpaka limfikie. Kumbi linaelea na kwenda na mkondo kama maji yenyewe, kwa hiyo unapima mwendo wa kweli. Boti yenu mita 7, likipita kwa sekunde 2 mko karibu noti 7, sekunde 3 ni kama noti 4 na nusu, likichukua sekunde 4 na nusu mko noti 3 na hapo ndipo mlipokuwa mnarudi. (Noti 1 ni kama nusu mita kwa sekunde, ukijua hilo boti ya urefu wowote utaipigia hesabu.) Rudieni mara kadhaa mchukue ya katikati, maana sekunde 2 ni kufumba na kufumbua na mtu akichelewa kusema tu hesabu imeharibika. Mkirudi kaskazini ongezeni mafuta mpaka kumbi lipite kama lilivyopita mkienda, na msishtuke jipiesi ikisoma 9.

Halafu hiyo 30. Kwenye rapala za aina hiyo, X-Rap Magnum, namba ni kina kwa futi, kwa hiyo 30 ni kama mita 9, ile ya 20 ni mita 6 na ya 40 ni mita 12. Lakini kuna rapala nyingine, zile za CD Magnum, namba yake ni urefu wa chambo kwa sentimita, CD 18 ni chambo cha sentimita 18 na haina uhusiano na futi. Nimeona watu wanazifunga pamoja wanasema hii inakwenda 30 hii 18, wakati wanalinganisha kina na urefu.

Na hata hiyo mita 9 si ahadi, ni kwamba inaweza kufika ukiipa nafasi. Uzi mnene unakamata maji na kuivuta juu. Uzi mfupi ndio kabisa haiwahi kushuka. Ukitoa mita 15 unapata kina kidogo, ukifika mita 30 au 40 unapata sehemu kubwa ya kile kinachowezekana, baada ya hapo unaongeza uzi kina hakiongezeki sana kwa sababu uzi wenyewe ulioko majini umekuwa breki. Na mwendo vilevile usidhani ukiongeza ndio kitazidi kuzama, chambo cha ulimi kikishapata mwendo wake hapo kimefika, ukizidi sana kinalala ubavu na kuruka juu ya maji.

Kitu kimoja zaidi kabla sijakuacha. Mkiwa mnapinda, chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo na cha nje kinaongeza. Angalieni ni upande gani unagongwa mkipinda. Ukigongwa wa nje mara kwa mara basi samaki wanataka mwendo zaidi, ongezeni hata mkinyoosha. Kona inakufundisha bure kama una macho. Na hapo Kisite mnajua, ndani ya hifadhi hakuna kuvua, kwa hiyo kabla hamjafika mpaka kusanyeni mishipi, msijitie mlikuwa mnapita tu huku chambo kiko nyuma kinacheza.

Mzee habari za kazi. Mimi navua na ngalawa ya tanga hapa Mafia, sina injini. Naburuta mshipi wa mkono, pima 12, na ngisi wa plastiki na chubwi, yaani risasi ya kuzamishia, la nusu kilo. Upepo ukiwa mdogo napata, upepo ukishika vizuri, ambapo ndio ngalawa inakimbia na roho inafurahi, sipati kitu. Nifanyeje? — Wa Kilindoni

Salama ndugu yangu. Wewe tatizo lako ni kinyume cha la yule wa Shimoni. Yeye chambo chake kinazamishwa na mwendo, chako kinazamishwa na uzito, na uzito ukikutana na mwendo unashindwa. Ngalawa ikienda mara mbili ya mwanzo nguvu ya maji kwenye chubwi na mshipi inakuwa mara nne, si mbili. Nusu kilo yako inapanda juu kama tiara, na ngisi wako nahisi upepo ukishika anapita juu sana kuliko unavyodhani, nguru wako chini wanamwangalia ama hata hawamwoni.

Usikisie, pima. Nenda kwa mtoto wa shule umwombe ile protrakta ya kwenye mkebe wa hesabu, akikunyima mnunulie nyingine. Toboa katikati pale mistari inapokutana, funga uzi wa cherehani na risasi ndogo mwishoni. Sasa weka ule ukingo wake ulionyooka ufuate mshipi wako pale unapotoka kwenye ngalawa, uzi wa risasi utaning'inia wima na kukuonyesha mshipi umelala kiasi gani. Mshipi ukiwa wima kabisa ni sifuri, na protrakta hapo itasoma 0, au 180 ukifuata ule mstari mwingine wa namba, kwa hiyo ukisoma huo wa 180 toa tofauti. Ngalawa inayumba najua, angalia uzi unachezea katikati ya wapi na wapi.

Pima 12 ni kama mita 22. Mshipi ukiinama nyuzi 30 kutoka wima, chubwi liko kama mita 19. Ukiinama 45 liko mita 15 na nusu. Ukiinama 60, ambako ndiko nafikiri wewe uko upepo ukishika kama hujapita hapo, ni mita 11 tu, nusu ya mshipi wako. Halafu ujue hapo kwenye ngalawa mshipi umelala kuliko ulivyo huko chini karibu na chubwi, unapinda, kwa hiyo kina cha kweli kinazidi hesabu yako kidogo. Si kitu kibaya ila ukiwa juu ya mwamba acha nafasi, usije ukasema hesabu imenipa mita 11 mwamba uko 12 nitapita.

Sasa kurekebisha. Upepo ukishika toa mshipi zaidi, ukilegea vuta, hiyo ndiyo kazi ya mkono na mvuvi wa tanga hawezi kukaa amefunga mshipi kwenye mguu akasinzia. Pili mshipi wenyewe, kama unatumia ule mnene wa kuvutia papa badilisha, mwembamba wenye nguvu ileile unazama zaidi bila kuongeza hata gramu moja.

Na kama kweli unataka mita 15 hata upepo ukivuma, tenganisha uzito na mshipi. Kamba yake peke yake, chubwi la kilo 4 au 5, hata la kumimina mwenyewe kwenye kopo. Mshipi wa chambo unatoa kwanza mita 10 hivi nyuma ya ngalawa, halafu unaubana kwenye ile kamba juu kidogo ya chubwi kwa kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ndio unateremsha vyote pamoja. Samaki akigonga mpira unakatika, wewe unapigana na samaki kwenye mshipi mtupu hubebi kilo 5 za risasi. Mabwana wenye boti za watalii wanafanya hivyohivyo kwa mashine ya waya na roda na inawagharimu pesa nyingi, wewe kamba na tyubu. Ila upepo ukikata ghafla usingoje, chambo cha ulimi ngalawa ikisimama mara nyingi kinaelea lakini chubwi linakwenda chini moja kwa moja mpaka mwambani, kwa hiyo kitu cha kwanza vuta kamba, habari ya tanga baadaye.

Na unajua wapi hifadhi inaruhusu nini hapo Mafia kuliko mimi, si haja nikueleze.

Kaka, mimi ni mwanamke, nina mtumbwi wa injini na vijana wawili tunavua sangara upande wa Ukerewe. Tumeanza kuburuta chambo bandia badala ya kutega tu. Vijana wanasema sangara mkubwa anakaa chini kabisa, niteremshe mpaka mita 40. Tumeteremsha. Hatujapata. — Mama wa Nansio

Dada yangu hongera kwa kujaribu, na waambie vijana wapandishe. Ziwa Victoria wastani wake ni kama mita 40 tu, pale pa kina kabisa ni mita 80 hivi, kwa hiyo sehemu nyingi wanataka uburute kwenye matope. Halafu kuna jambo la hewa. Miezi ya joto maji ya juu yanapata moto na kuwa mepesi yanakaa juu ya yale ya baridi hayachanganyiki, na kule chini hewa inaisha, samaki mkubwa kama sangara anahitaji hewa nyingi hawezi kukaa huko, anapanda. Mpaka zile pepo za kusi za Juni na Julai zije zipoze na kukoroga ziwa ndipo chini kunakalika tena. Kwa hiyo hiyo mita 40 kuna miezi unaburuta kwenye maji ambayo hakuna anayeishi.

Mimi ningeanza mita 5 mpaka 10, kwenye pembe za visiwa penye mawe, pale ambapo mawe yanashuka ghafla, na polepole sana, noti 2 au 3, sangara si jodari hakimbizi kitu maili nzima. Alfajiri na jioni ndio wakati, jicho lake lile linalong'aa dhahabu linaona vizuri kwenye giza kuliko vile visamaki anavyowinda. Chambo kipite juu yake kidogo kuliko chini yake, samaki anayewinda ni mwepesi kutazama juu na kupanda, kile kinachopita chini ya tumbo lake mara nyingi hakioni. Na hilo ni hata kwa wa baharini wote wanaosoma hapa, ukikosea kosea juu.

Kumbi la nazi la kupimia mwendo, kama nilivyomweleza wa Shimoni, huko hakuna sana najua, kipande cha boya ama gome la mti linatosha.

Chambo changu kipya kinakwenda upande mmoja, kinakuja juu, kinalala, mara kinajisokota na mshipi wa jirani yake. Nilinunua kwa bei mbaya. Nirudishe dukani? — Malindi

Usirudishe. Kwanza kitoe majini ukiangalie, mara nyingi ni jani la mwani limenasa kwenye ulimi, jani moja tu linatosha kukifanya kisizame. Ndio maana nasema ncha ya fimbo iangaliwe muda wote, chambo kinachofanya kazi kinaitetemesha ncha kidogokidogo bila kukoma, mtetemo ukikata kuna mwani au kuna kitu, vuta.

Kama hakina mwani basi ni lile jicho la waya puani unapofungia mshipi, limepinda. Kishike pua ikielekea kwako. Kama majini kilikuwa kinakimbilia kushoto kwako, chukua koleo upinde jicho kulia, kidogo sana, kiasi ambacho jicho lako halioni tofauti, kirudishe majini ukiangalie pembeni ya boti. Kikizidi rudisha. Watu wanapinda kwa hasira ndio wanavunja. Na usikifungie waya mnene kama wa bomba la breki, nguru ana meno ndio lazima waya, lakini waya mmoja mwembamba wa sentimita 40 unatosha, mnene unakiua mchezo na kukipandisha.

Asalam alaykum. Niko Maskati, tunatoka Ijumaa na jamaa kuvua kanaad, yaani nguru wenu. Wenzangu wote wanatumia uzi wa kusuka, mimi nailoni ya kawaida, wote tuna chambo kimoja, wao wanagusa chini mimi sigusi. Ni uzi kweli au ni bahati? — Wa Maskati

Waalaykum salaam. Ni uzi. Uzi wa kusuka wenye nguvu ya ratili 50 unene wake ni kama nusu ya nailoni ya ratili 50, na huo unene ndio maji yanaoushika, kwa hiyo chambo chao kinashuka zaidi yako kwa urefu uleule. Ukitaka kubaki na nailoni, ambayo ina faida yake maana inanyumbuka na ndoana haichaniki mdomoni kwa samaki, nunua chambo cha namba inayofuata, wao wakiwa na cha 20 wewe funga 30. Uzi wa kusuka hauvutiki, kwa hiyo ukihamia legeza breki ya riili, la sivyo utang'oa ndoana zote. Na nadhani unakumbuka huko kwenu katikati ya Agosti mpaka katikati ya Oktoba kanaad amefungwa, hiyo miezi miwili fanya majaribio ya kina bila ndoana kama nitakavyomweleza huyu wa Tanga.

Sina fishfainda, ile mashine ya kuonyesha kina na samaki, sina pesa ya fishfainda. Nitajuaje chambo kinapita mita ngapi bila kupoteza chambo mwambani? — Tanga

Toa ndoana zote kwenye chambo. Tafuta fungu la mchanga linaloteremka taratibu, si mwamba, na ushike kamba yenye chubwi na alama kila mita, mtu mmoja anapima kina mkiwa mnakwenda polepole, mkishajua mstari wa mita 8 uko wapi, wa 6 uko wapi, wa 4 uko wapi, weka maboya ya chupa. Kisha buruta chambo kutoka kwenye maji marefu kwenda mafupi kwa mwendo wako wa kawaida, mshipi umetoka mita 20. Kikigusa mchanga ncha ya fimbo itabadilika, ule mtetemo laini unakuwa vishindo, tuk tuk tuk. Angalia chambo kiko wapi, si boti, boti iko mbele mita 20. Basi hicho ndicho kina chako kwa mshipi wa mita 20. Rudia kwa 30, kwa 40, na uweke alama kwenye mshipi kwa maka peni ama uzi wa rangi.

Fanya yote haya ndani ya muda mfupi, maji yakiwa yamesimama, kwa sababu huko kwetu siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukipima fungu saa 4 ukaja kuburuta saa 7 umepima bahari nyingine. Na hii ndiyo inawapoteza hata wenye ramani ya bahari, zile namba zilizoandikwa pale ni kina maji yakiwa yametoka kabisa, mwamba ulioandikwa mita 6 siku ya bamvua maji yamejaa uko chini mita 9 na zaidi, chambo cha mita 5 kilichokuwa kinaupapasa mgongo asubuhi sasa kinapita mbali juu ya vichwa vya samaki na wewe bado unasema mbona jana walikuwa hapa. Maji mafu tofauti ni ndogo, hapo unaweza kupumua.

Ukishapata namba zako usiandike kwenye daftari litalowa, ziandike kwa rangi upande wa ndani wa boti karibu na unapokaa: aina ya chambo, mshipi mita ngapi, kumbi sekunde ngapi, kina mita ngapi.